Hukumu Isiyokazwa

Dawa ya deni ni kulipa. Methali hii huijua kila mtoto aliyepitia shule ya msingi humu nchini, na sidhani kama yupo Mkenya anayehitaji kufafanuliwa maana yake. Hata hivyo, mpenzi msomaji, nimejifunza majuzi kwamba neno hilo ‘kulipa’ laweza kumponza mtu mahakamani. Na aliyemponza mwenzake nilikuwa mimi, mwalimu wa isimu mwenye shahada ya uzamifu, ambaye riziki yangu naipata kwa kuwafunza vijana wa chuo kikuu maana ya maana.

Kisa chenyewe kilianzia Kieni, katika nyanda za viazi zilizo baina ya Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Mama mmoja mjane, jirani ya wazazi wangu na makamo ya mama yangu mzazi, aliuza magunia 43 ya viazi kwa mfanyabiashara mmoja wa miji hii yetu ya mlimani. Bei ilikuwa shilingi 2,000 kila gunia, jumla shilingi 86,000. Viazi vikapakiwa, lori likashika barabara ya kuelekea Karatina, na fedha hazikuonekana. Baada ya kuzungushwa msimu mzima kwa ahadi za kesho na kesho kutwa, mama huyo alijikaza akaenda mahakamani peke yake, bila wakili, na akashinda. Hakimu aliamuru alipwe shilingi 86,000 pamoja na riba ya asilimia 12 kwa mwaka. Mama akaichukua nakala ya hukumu, akaifunga ndani ya mfuko wa nailoni, akaitia sandukuni pamoja na hatimiliki ya shamba, akangoja. Alingoja miezi minane.

Niliporudi nyumbani wakati wa likizo, alinijia na mfuko wake. “Mwalimu,” akaniuliza, “serikali itanilipa lini?”

Swali hilo halikuwa la mtu mjinga. Wengi wetu tunadhani kwamba hakimu akishatamka, basi mkono wa serikali utanyooshwa wenyewe, umfuate mdaiwa na kuleta fedha. La hasha. Hukumu ya madai haijitekelezi. Aliyeshinda ndiye anayepaswa kurudi mahakamani, kujaza ombi, na kuieleza mahakama anataka isaidiwe vipi kuitimiza ile amri. Sheria inampa muda wa miaka 12. Akilala muda huo ukapita, hukumu yake hubaki kuwa karatasi ya kumbukumbu tu.

Basi tukaenda mahakamani, mimi na yeye, katika mojawapo ya miji hii, tukapewa fomu. Ilikuwa ya Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Tuliketi kwenye benchi nje ya masjala, nami nikatoa kalamu kwa majivuno ya mtu ambaye hajawahi kushindwa na karatasi.

Yafaa nieleze fomu hiyo inauliza nini, kwani huenda na wewe msomaji ukaihitaji. Agizo la 22 la Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za mwaka 2010 linataka ombi liandikwe kwa utaratibu wa jedwali. Huandikwa nambari ya kesi, majina ya pande zote, tarehe ya hukumu, na iwapo rufani imekatwa. Hufuatia swali la iwapo kuna malipo au maafikiano yoyote yaliyofanywa tangu hukumu itolewe, kisha iwapo ombi jingine kama hili limewahi kuletwa na lilifikia wapi. Halafu huja kiasi cha deni, riba na gharama za kesi, jina la anayedaiwa, na mwisho namna ya msaada unaoombwa: mali ikamatwe na kuuzwa, au mdaiwa ashikwe na kufungwa jela, au njia nyingine inayokubalika kisheria.

Hesabu haikunisumbua. Riba ya miezi minane juu ya shilingi 86,000 ni shilingi 6,880, na jumla ikawa 92,880, mbali na gharama. Kuhusu mali, mama alitaja kwanza shamba la mdaiwa. Hapo nilimtahadharisha. Ukitaka kukamata ardhi ni lazima uieleze barabara kiasi cha kutambulika, utaje na fungu la mdaiwa ndani yake, na mahakama yaweza kukutaka ulete nakala iliyothibitishwa ya daftari la ardhi. Nasi watu wa mlimani tunajifahamu. Tangu ardhi zetu zilipounganishwa na kusajiliwa kwa mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, mashamba mengi yangali yameandikwa majina ya mababu walioaga dunia zamani, wajukuu wakilima bila kufuata mirathi. Huwezi kunadi shamba la marehemu kwa deni la mjukuu. Tukakubaliana tuombe mali inayohamishika: ng’ombe na vyombo vya nyumbani.

Tatizo lilikuwa katika lile swali la malipo na maafikiano, nami sikulitambua. Nilimuuliza mama, “Je, amekulipa?” Akajibu bila kusita, “Hajanilipa.” Neno la pili lililokuwa kwenye fomu, katika Kiingereza cha kila siku, hutumika kwa maana ya marekebisho. Kwa hiyo nikamuuliza, “Je, hukumu imefanyiwa marekebisho yoyote?” Akanitazama kwa mshangao. Nani angeirekebisha hukumu iliyofungiwa sandukuni mwake? “La,” akasema. Nikaandika kwamba hakuna malipo wala maafikiano yoyote. Akatia sahihi pale nilipomwonyesha. Fomu ikapokelewa, ada ikalipwa, na baada ya siku kadhaa hati ya kukamata mali ikatolewa na kukabidhiwa dalali.

Kama hukumu ingekuwa imepitisha mwaka mmoja, mahakama ingemwita kwanza mdaiwa aje aeleze kwa nini isitekelezwe. Lakini yetu ilikuwa ya miezi minane, na mimi nikaona hiyo ni bahati.

Dalali alifika nyumbani kwa mdaiwa asubuhi, mwenyewe akiwa safarini. Kanuni za Madalali za mwaka 1997 zinamtaka dalali aandike orodha ya mali, thamani ya kila kitu na hali yake, na orodha hiyo itiwe sahihi na mwenye mali au mtu mzima aliyemo nyumbani. Kisha humpa mwenye mali notisi ya siku saba ya kukomboa vitu vyake kwa kulipa deni. Yote hayo yalitendeka. Dalali aliandika ng’ombe wawili wa maziwa, viti vya sebuleni, televisheni, na cherehani. Mke wa mdaiwa akatia sahihi. Karatasi hiyo nayo ilikuwa ya Kiingereza.

Jioni ya siku ya pili kijana wa nyumba ile alibisha mlangoni kwa mjane wetu. Hakuja kwa matusi. Alikuja na simu ya baba yake, akafungua ujumbe unaoonyesha shilingi 20,000 zilizotumwa kwa mama miezi mitatu baada ya hukumu. Kisha akamkumbusha magunia mawili ya chakula cha ng’ombe yaliyoletwa kwa pikipiki, ambayo pande zote mbili zilikubaliana kuwa ni ya shilingi 5,000, yapunguzwe kwenye deni. “Mbona umeiambia mahakama kwamba baba hajakupa kitu?” akauliza.

Mama akanipigia simu. Nilipofika nilimkuta ameketi jikoni bila kuwasha taa. “Mwalimu,” akaniambia, “sikusema hajanipa kitu. Nilisema hajanilipa.”

Mpenzi msomaji, hapo ndipo nilipoona aibu ya msomi. Nimefundisha kwa miaka mingi hali timilifu ya kitenzi. Naijua tofauti ya tendo lililoanza na tendo lililokamilika. Kwa mjane yule, kama ilivyo kwa wanakijiji wengi, kulipa deni ni kulimaliza. Anayeleta sehemu ‘amepunguza’, au ‘ameleta kidogo’, lakini ‘hajalipa’. Jibu lake lilikuwa kweli tupu katika lugha yake. Likawa uongo lilipoingia katika jedwali la Kiingereza, na aliyelipitisha mpakani nilikuwa mimi. Ama lile neno la pili, ambalo sheria inakusudia kwalo mapatano yoyote ya kupunguza au kumaliza deni nje ya mahakama, mimi nililigeuza kuwa swali lisilo kichwa wala miguu. Magunia mawili ya chakula cha ng’ombe yangeingia humo sawasawa, iwapo ningeuliza inavyopasa.

Hili si kosa la kupuuzwa. Aliyeshinda kesi anawajibika kisheria kuiarifu mahakama kila anapopokea fedha nje ya mahakama. Mtu anayedai deni zima huku amepokea sehemu yake anaweza kuonekana mdanganyifu, na anayekagua karatasi hataona tofauti ya kupunguza na kulipa. Isitoshe, kijijini habari husafiri haraka kuliko matatu. Kufikia siku ya soko mama alikuwa amekwisha kuitwa mwongo na watu ambao hawakujua hata kesi ilihusu nini. Mtu aliyetafuta haki yake kwa subira akajikuta akijitetea.

Na si yeye peke yake aliyeumizwa na lugha. Ile cherehani haikuwa ya mdaiwa. Ilikuwa ya mkewe, fundi wa nguo anayelipiwa karo ya watoto na hicho chombo. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai kinakataza kukamatwa kwa nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa na jamaa yake, pamoja na zana ambazo mtu anazihitaji kwa kazi yake. Kwa mdaiwa aliye mkulima, kinalinda pia shilingi 10,000 za kwanza za thamani ya mifugo yake, kiasi ambacho siku hizi hakimtoshi kununua hata ndama mzuri, lakini hiyo ni hoja ya siku nyingine. Fauka ya hayo, mtu ambaye mali yake imeandikwa kwa deni la mwenzake ana haki ya kupeleka pingamizi mahakamani. Haki zote hizo mama yule wa cherehani alikuwa nazo alipokuwa akitia sahihi. Hakuna hata moja aliyoijua, kwa kuwa karatasi iliyokuwa mbele yake haikusema naye.

Waswahili walinena kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Sidhani kama walikusudia methali hiyo iwe kanuni ya mahakama.

Kuna watakaosema kwamba Kiswahili hakina istilahi za kazi hii. Hoja hiyo imechakaa. Tazama maneno niliyokwisha kuyatumia katika makala haya: hakimu, hukumu, dalali, rufani, riba, hati, daftari, mirathi. Hayo hayakubuniwa na kamati yoyote jana. Ni maneno ya biashara na sheria yaliyokuwa vinywani mwa watu wa pwani karne nyingi kabla ya reli kufika Nairobi. Ndugu zetu wa Tanzania, ambao mahakama zao za mwanzo huendesha kesi kwa Kiswahili, wanalo hata jina la jambo lenyewe ninalolizungumzia. Wao husema ‘kukazia hukumu’. Aliyeshinda humwita ‘mshinda tuzo’. Tena mwaka 2021 Bunge lao lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama.

Napenda sana neno hilo ‘kukazia’. Hukumu ni kama fundo: hakimu hulifunga, lakini lisipokazwa hulegea na mzigo huanguka njiani. Mkulima wa Kieni anayefunga magunia juu ya punda hahitaji mwalimu wa isimu amweleze maana yake.

Wengine watasema kuwa mlimani hatusemi Kiswahili, bali Kikuyu, Kimeru na Kiembu, na kwamba mjane huyo angekwama vilevile. Hoja hii ina uzito, na siwezi kuipuuza. Mama wa umri wake hakukipata Kiswahili darasani. Lakini tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kimekuwa somo la lazima na la kutahiniwa, na ni nadra kupata boma la Kieni, Mukurweini au Kerugoya lisilo na kijana wa kumsomea bibi yake barua ya Kiswahili. Karani, dalali na askari nao huzungumza na wananchi kwa Kiswahili kila siku. Ni karatasi peke yake iliyokataa. Aidha, ni rahisi zaidi kutoka Kiswahili kwenda Kikuyu bila kupoteza maana kuliko kutoka Kiingereza cha mawakili, kwa sababu lugha hizi mbili ni ndugu wa Kibantu. Swali likiwa limeulizwa vizuri kwa Kiswahili, hata mimi nisingelipotosha.

Wala sheria haizuii. Kifungu cha 86 cha sheria ileile kinasema kwamba lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Katiba tuliyoizindua tarehe 27 Agosti 2010 inakitaja Kiswahili, katika kifungu cha 7, kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza, na kifungu cha 48 kinaitaka serikali ihakikishe watu wote wanaifikia haki. Lakini kanuni zetu za madai ni mjukuu wa Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai ya India ya mwaka 1908, na maswali ya jedwali lile yamesafiri kutoka huko karibu neno kwa neno. Yaliandikwa yajazwe na wakili. Anayeyajaza leo mara nyingi ni mwenye viazi.

Mji wa Nyeri una kumbukumbu yake kuhusu mahakama inayosema lugha ya watu wengine. Ni hapo, Novemba 1956, Dedan Kimathi aliposhtakiwa mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O’Connor, kesi ikiendeshwa kwa Kiingereza na maneno yakipita kwa wakalimani. Silinganishi deni la viazi na roho ya mtu. Nasema tu kwamba mahakama zimekuwa zetu tangu mwaka 1963, na lugha ya fomu zake bado haijawa yetu.

Ninachopendekeza si kigumu. Fomu ya kukazia hukumu ichapishwe kwa Kiswahili, iwekwe masjala kando ya ile ya Kiingereza, na anayeijaza achague. Lakini isiwe tafsiri ya neno kwa neno, kwani nimekwisha kuonyesha matunda ya tafsiri ya namna hiyo. Pale palipotushinda pasomeke hivi: “Tangu hukumu itolewe, mdaiwa amekupa chochote kwa ajili ya deni hili, kiwe fedha, mali au kazi? Kama ndiyo, amekupa nini, lini, na cha thamani gani?” Mjane yule angelijibu swali hilo kabla sijamaliza kulisoma. Na karatasi ya dalali nayo iandikwe, kwa Kiswahili cha wazi, vitu ambavyo sheria haimruhusu avichukue, na jinsi ya kupeleka pingamizi ndani ya zile siku saba.

Na kisa chetu kiliishaje? Siku ya nne tulirudi mahakamani. Mama aliapa hati ya kiapo kueleza alichopokea, na kosa la kujaza fomu nikalikiri mimi kwa maandishi. Deni likapunguzwa kwa shilingi 25,000. Cherehani ikaondolewa katika orodha. Ng’ombe hawakunadiwa, kwa kuwa mdaiwa alikopa kwa jamaa zake akamaliza kilichobaki. Gharama za dalali zilizotokana na kosa langu nilizitoa mfukoni mwangu, na hiyo ilikuwa haki.

Nilipompeleka mama nyumbani siku hiyo nilimwomba msamaha. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Sasa amenilipa.” Halafu akaniuliza kama naweza kumwandikia maneno hayo kwenye karatasi, kwa lugha ambayo jirani zake wataisoma. Nikamwandikia. Karatasi hiyo alikwenda nayo sokoni wiki iliyofuata, na kila aliyemuuliza akamwonyesha.